Wembe Shingoni

  Leo tumekuja na habari za kinyozi. Tafadhali usizime redio. Twajua kuna atakayesema, mchungaji huyu amekosa la kuhubiri hata anatuletea mambo ya ndevu. Tuvumilie kidogo. Nanyi akina mama msiondoke, maana jambo lenyewe, ingawa lilianzia kidevuni, halikuishia hapo.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, kwamba Farao alipofadhaishwa na ndoto zake, Yusufu alitolewa gerezani kwa haraka, akanyoa, akabadili nguo, ndipo akaenda mbele ya mfalme. Sisi wahubiri hupita upesi mahali hapo, tukiwakimbilia wale ng'ombe saba wanono na wenzao waliokonda. Lakini kunyoa kule hakukuwa jambo dogo. Wamisri walikuwa watu wa uso mtupu. Mgiriki mmoja, Herodoto, aliyeandika habari zao katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema makuhani wao walinyoa mwili mzima kila siku ya pili, na nyembe zao za shaba zimechimbuliwa makaburini. Maandiko hayasemi kama Yusufu alishika wembe mwenyewe au kama aliitiwa kinyozi. Sisi twadhani aliitiwa kinyozi, kwa sababu ya haraka ile. Basi mfikirie: kijana mgeni, ametoka shimoni sasa hivi, hajui anaitiwa uzima au mauti, naye aambiwa ainue shingo mbele ya mtu asiyemjua aliyeshika chuma kikali. Yusufu aliinua shingo.

Sasa tuseme wazi ni wembe gani tunaousema. Si kile kinyoleo cha plastiki cha kutumia na kutupa, wala si mashine ya umeme ambayo vijana wetu wameizoea. Ni wembe wa kukunja, chuma kirefu chembamba kinachoingia ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Mgongo wake ni mnene, lakini ubavu umekwanguliwa pande zote mbili hata ukingo ukawa mwembamba kuliko karatasi. Nyembe zilizosifika sana zilitoka Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani, na wazee wetu waliofanya kazi mijini na katika meli walizijua kwa mihuri yake. Mpaka mwaka 1903, King Gillette wa Marekani alipoanza kuuza kinyoleo chenye kiwembe cha kubadilisha, mwanamume aliyetaka uso safi kwa kawaida alikuwa na njia mbili: ajifunze mwenyewe kazi ile ya hatari, au aende kwa kinyozi.

Mashine hupita juu ya ngozi ikaacha visiki. Wembe hukata pale pale udevu unapotokea, na ngozi hubaki laini kama ya mtoto. Tuseme na ubaya wake pia, tusije tukaonekana tumelipwa na vinyozi. Ndevu zetu sisi Waafrika wengi zimejipinda. Udevu ukikatwa karibu sana na ngozi, ile ncha yake kali ikianza kukua hupinda na kurudi ndani ya ngozi, ndipo vipele vyeusi hutokea chini ya taya. Kasisi mwenye vipele hivyo akivaa kola yake Jumapili yenye joto, ajua mwenyewe anavyoihubiri subira. Mtu mwenye vipele vingi ni afadhali aache visiki na kutumia mashine, na kinyozi mwema atamwambia hivyo hata kama amekosa mteja.

Haya, tuje kwetu. Twatumika katika mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka 2023 tulianguka na pikipiki mchangani, mkono wetu wa kulia ukatiwa plasta. Juma la pili baada ya hapo Baba Askofu alikuwa anakuja kwa ajili ya Kipaimara, watoto 43 wamefundishwa, mbuzi amekwisha kununuliwa. Jumamosi asubuhi tulijitazama katika kioo. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo, tena nusu nyeupe, nasi hatukuwa tumejua kwamba tumefikia hapo. Tukajaribu kunyoa kwa mkono wa kushoto, tukaona damu, tukaacha. Mama watoto akatuonea huruma, akashika kinyoleo, akanyoa shavu moja. Alipofika tayani mkono ukamtetemeka. Akasema, "Baba, hii shingo sitaiweza. Nenda kwa wenyewe."

Basi tukatoka nyumbani na nusu ya uso, leso imeshikwa shavuni kana kwamba twaumwa na jino. Kumbe tangu Alhamisi stima ilikuwa imepotea mji mzima. Vibanda vyote vya kunyoa, vile vyenye picha za vichwa ukutani na muziki mlangoni, vilikuwa vimefungwa, au vijana wamekaa nje wakisubiri. Mmoja akatuambia, "Pasta, leo ni yule Mzee wa wembe peke yake anayefanya kazi."

Tulijua. Tangu tulipotoka nyumbani tulikuwa tukiomba asiwe yeye.

Wapenzi, ni lazima tuwaeleze kwa nini. Mzee huyo ni mshirika wetu. Kwa miaka tisa alikuwa mweka hazina wa kanisa, mtu wa daftari safi, kalamu mbili mfukoni. Mwaka 2021, mwezi wa Novemba, tulifanya sikukuu ya mavuno ili tupate mabati. Jumapili ile jioni Mzee alihesabu fedha, akaandika jumla katika daftari. Jumanne baraza la kanisa lilipohesabu tena, zilipungua shilingi 6,400. Mfuko ulikuwa umekaa kwetu nyumbani, lakini hakuna aliyetuuliza sisi. Wote walimtazama Mzee. Naye akasema neno moja tu, "Nilichoandika ndicho nilichohesabu."

Jumapili iliyofuata tulipanda mimbarani tukahubiri habari za Akani, yule aliyeficha vitu vilivyowekwa wakfu chini ya hema lake, Yoshua sura ya 7. Jina la mtu hatukulitaja. Hatukuwa na haja ya kulitaja. Katika mji mdogo mhubiri akisema "Akani", watu hawatazami Biblia, hutazama benchi. Tuliona vichwa vikigeuka. Na tukubali leo mbele yenu, tulipoviona vikigeuka, tuliinua sauti zaidi.

Mwezi wa Machi mwaka 2022 tulikuwa tukitafuta namba ya simu katika kitabu chetu cha kumbukumbu, ikaanguka risiti. Shilingi 6,400, malipo ya gari lililobeba mabati. Ile Jumapili ya mavuno jioni mwenye gari alikuja nyumbani kudai, nasi tukamtolea fedha katika mfuko, tukaitia risiti ndani ya jalada, tukasahau kabisa. Hakuna aliyeiba. Tulifanya nini? Tuliipeleka risiti barazani, tukasema kwa upole, "Lile jambo limeonekana," ikaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, tukafunga kwa maombi. Mimbarani hatukusema kitu. Mzee alikuwa amekwisha kujiuzulu. Akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na baada ya baraka alikuwa wa kwanza kutoka. Nasi tukajiambia kwamba tumemaliza.

Na huyo ndiye aliyekuwa na wembe siku ile.

Kibanda chake kina kiti kimoja, cha chuma, chenye kiegemeo cha kichwa, na kioo kilichoanza kuota madoa. Alikuwa akimalizia kumnyoa dereva mmoja wa lori. Alitutazama, akatazama leso, akasema, "Karibu, Mchungaji. Kaa hapo." Tukakaa kwenye benchi. Tukiwa hapo tuliona juu ya meza yake wembe wa zamani wenye mpini mweusi, na ukanda wa ngozi unaoning'inia msumarini. Dereva alipotoka, Mzee alituona tunautazama. Akasema aliurithi kwa fundi aliyemfundisha kazi Mombasa mwaka 1974, Mhindi mmoja mkali sana, aliyemfanya anyoe povu juu ya chupa kwa muda mrefu kabla hajamruhusu kugusa shavu la mtu. Wembe ule bado hunolewa kwa kinoo, kisha hupigwa kwenye ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, maana ukitanguliza makali utaikata ngozi na kuuharibu wembe. Lakini haunyoi wateja tena. Hunyoa uso wake mwenyewe tu.

Kwa nini? Mtakumbuka, ninyi mlio na umri kama wake, kwamba mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Kenya alitangazwa mwaka 1984. Kabla ya hapo wembe mmoja ulizunguka shingo za mji mzima. Ulifutwa tu kwa kitambaa, labda ukachovywa majini, ikawa zamu ya mwingine. Na si UKIMWI peke yake. Virusi vya homa ya ini, ile ya aina ya B, vyaweza kukaa nje ya mwili siku saba au zaidi na bado vikamwambukiza mtu, hata katika tone la damu lisiloonekana kwa macho. Ndipo vinyozi wenye akili wakashika wembe wa aina nyingine, wenye umbo lile lile la kukunja, lakini hauna makali yake wenyewe. Hutiwa nusu ya kiwembe kipya kwa kila mtu, kisha hutupwa. Ewe msikilizaji, ukienda kunyolewa, kiombe kiwembe kipya kifunguliwe mbele ya macho yako. Si kumdharau kinyozi. Kinyozi mwema hatangoji uombe.

Mzee hakungoja. Alinawa mikono kwa sabuni, akimimina maji ya birika. Akachukua kiwembe kikiwa bado ndani ya karatasi yake, akakileta mbele ya uso wetu, akanyamaza mpaka tulipotikisa kichwa. Akakivunja katikati ndani ya ile karatasi, taa! Nusu moja akaitia kwenye wembe, nusu nyingine akaiweka mbali ndani ya kopo. Akaupangusa wembe wote kwa spiriti. Alifanya hayo bila kuharakisha, kama tufanyavyo sisi tunapoandaa meza ya Bwana, nasi tukaona haya kidogo, maana zipo Jumapili ambazo tumeiandaa meza ile kwa haraka zaidi.

Akatufunga shuka shingoni. Akalowesha taulo katika maji ya moto yaliyokuwa juu ya jiko la makaa, akalikamua, akaufunika uso wetu wote, tukabaki na pua tu. Joto lile hulainisha udevu. Udevu mkavu ni mgumu, lakini ukinywa maji hulegea na wembe hupita bila kuuvuta. Kisha povu. Alilikoroga kwa brashi katika kikombe mpaka likawa zito, akalipaka kwa kuzungusha, akiinua ndevu zisimame. Akalaza kiti. Tukaona paa la kibanda, mabati, na msumari mmoja uliotoboa vibaya.

Hapo ndipo tulipojua mahali tulipo. Mtu akikunyoa kwa wembe, huwezi kumtazama usoni. Unatazama juu. Mikono yako iko chini ya shuka. Shingo iko wazi, na mshipa mkubwa unapiga pale pale anapoupima kwa kidole. Wapenzi, tumekwisha kuwazika watu wengi, na tulidhani tumezoeana na kifo. Tuliogopa. Hatukuogopa kwamba atatuua, la. Tuliogopa kwa sababu tulijua anatudai.

Akavuta ngozi kwa kidole gumba cha kushoto, karibu na sharafa, akaulaza wembe, digrii 30 hivi kutoka ngozini. Ukilala mno haukati, ukisimama mno unakwaruza na kuchimba. Akaanza kushuka, vipande vifupi, na sauti yake ni kama mtu anayeparua karatasi polepole, krr, krr. Kila baada ya vipande viwili vitatu alifuta povu kwenye kitambaa alichokitandika begani mwetu. Kabla ya kugusa mahali papya alipapasa kwanza kwa ncha za vidole, kujua ndevu za mahali pale zaelekea wapi, maana chini ya taya hazielekei upande mmoja, nyingine hushuka, nyingine hulala kama majani yaliyokanyagwa. Alizifuata zilivyoelekea. Kuzipinga ndiko kunakoleta vipele.

Tulipoona ametulia hivyo, tukaamua kulisema. Tukaanza, "Mzee, kuhusu lile jambo la mavuno..."

Akainua wembe. Akasema, "Nyamaza, Mchungaji. Ukisema, kikoromeo kinapanda."

Tukanyamaza. Sisi wachungaji ni watu wa kusema. Mtu akija na taabu yake, kabla hajaimaliza tumekwisha kumpa aya. Pale, muda wa nusu saa hivi, hatukuruhusiwa neno, na mambo tuliyokuwa tumeyafunika yakaanza kutoka moja moja.

Tulikumbuka kwanza Zaburi ya 52, ambapo ulimi wa mwenye hila umefananishwa na wembe mkali. Kisha tukakumbuka, kwa sababu ya nusu ya uso tuliyokuja nayo, kisa cha Hanuni mfalme wa Waamoni, 2 Samweli sura ya 10. Daudi alituma watu kwenda kumfariji Hanuni kwa kifo cha baba yake. Wakuu wa Hanuni wakamwambia, hawa ni wapelelezi. Naye, bila kuuliza zaidi, akawakamata, akawanyoa nusu ya ndevu zao, akakata nguo zao mpaka matakoni, akawafukuza. Hakuwaua. Aliwaondolea nusu tu, ili kila atakayewaona njiani acheke. Aibu ya hadharani haiponi kwa kunong'onezwa. Daudi aliposikia, alituma watu kuwalaki, akawaambia wakae Yeriko hata ndevu zao ziote, ndipo warudi. Tumehubiri kisa hicho mara mbili au tatu, na kila mara sisi tulikuwa upande wa Daudi. Tukiwa chali juu ya kiti kile tukajiona ni Hanuni. Tulikuwa tumeletewa uvumi, tukaamini, tukamnyoa mtu nusu mbele ya kanisa lote, na wembe tuliotumia ni mimbari. Na Yeriko yake ilikuwa lile benchi la mwisho.

Barabara kuu yapita karibu sana na kibanda kile. Malori yakipita, sakafu hutetemeka. Tuligundua jambo moja. Kila lori lilipokuwa linakuja, Mzee alikuwa ameinua wembe kabla sisi hatujasikia chochote. Angojea, lori lapita, vikombe vyatulia mezani, ndipo aurudisha. Alifanya hivyo mara nne au tano. Hakusema kitu. Labda alikuwa na hasira bado. Hatukumwona uso, hatuwezi kujua. Lakini mkono wake haukuwa na habari ya hasira hiyo.

Alipofika kwenye kikoromeo akasema, "Meza mate." Tukameza. "Sasa usimeze." Akaivuta ngozi upande, ikatoka juu ya kile kikoromeo, akainyoa ikiwa imelala mahali palipo sawa, akaiachilia. Mahali ambapo sisi tungejikata vibaya, tusingejua hata kama palikuwa pagumu.

Akaosha uso kwa maji baridi. Akachukua jiwe la shabu, akalilowesha, akalipitisha shingoni na mashavuni. Shabu huwasha, hasa pale tulipojikata asubuhi, lakini hufunga vile vitundu vidogo vya damu. Machozi yakatutoka kidogo, na si yote yalikuwa ya shabu. Akainua kiti, akatupa kioo. Uso ulikuwa mmoja tena.

Basi tukasema. Tulisema, "Mzee, tulikukosea. Ulihesabu sawasawa. Risiti ilikuwa kwetu, nasi tulikuhubiri kuwa mwizi. Twakuomba msamaha."

Alikuwa akiitoa ile nusu ya kiwembe kwa kibano. Akaitia katika kopo, akafunga kifuniko. Akasema, "Ulilisema pale mbele, Mchungaji. Mimi hapa nina kiti kimoja tu."

Tukatoa noti ya shilingi 500. Bei yake ilikuwa 150. Tukamwambia abaki nayo yote. Hakujibu. Akafungua mkebe, akatoa chenji, akaiweka noti moja moja na sarafu moja moja katika mkono wetu wa kushoto, akasema, "Hesabu."

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulijadiliana na nafsi zetu. Kesho kuna Askofu. Kuna wazazi wa watoto, wageni kutoka parokia jirani. Je, si busara kungoja Jumapili ya kawaida? Na je, watoto wa Kipaimara watajifunza nini wakisikia mchungaji wao alimsingizia mtu? Mama watoto akatusikia tukigeuka-geuka. Tukamweleza. Akasema, "Ile siku ya Akani kanisa lilikuwa limejaa," akalala.

Jumapili, wakati wa matangazo, tulisimama. Tulitaja jina la Mzee, tukataja hesabu, shilingi 6,400, tukataja mahali risiti ilipokuwa na tarehe tuliyoipata, na miezi 16 tuliyokaa kimya. Tulisema kwamba mahubiri yale ya Akani yalikuwa maneno ya Mungu yaliyotumiwa vibaya na sisi, na kwamba twaomba msamaha kwake na kwa nyumba yake. Hatukuongeza fundisho. Kanisa lilikuwa kimya kabisa. Vichwa vikageuka tena kuelekea benchi la mwisho, kama siku ile. Mzee alikuwa ameketi wima, akitazama mbele. Mkewe alitoa leso. Ndipo tukaendelea na tangazo la umoja wa akina mama.

Twajua wengine wenu mngependa kusikia kwamba alikuja mbele, tukakumbatiana, nyimbo zikaimbwa. Haikuwa hivyo. Baada ya baraka alitoka kwanza, kama kawaida yake. Wakati wa chakula tulijiandaa kwa karipio la Askofu. Baba Askofu alikula kimya, kisha akatutazama shingo kwa muda, akauliza, "Huyo aliyekunyoa ni nani?" Tukamwambia ni yule Mzee. Akasema hivyo ndivyo alivyodhani, akaomba nyama kidogo.

Mwezi uliofuata baraza lilimtuma mtu amwombe Mzee arudi kwenye hazina. Alikataa. Sisi tulitaka kumwendea kumsihi, tena kwa aya, lakini tukakumbuka kwamba Daudi hakuwaambia wale watu warudi kesho yake. Ndevu huota kwa mwendo wake. Akachaguliwa binti mmoja aliyesomea uhasibu. Tukaja kusikia kwamba kila Jumatatu jioni alikuwa akipita kibandani na daftari, na Mzee alimwonyesha jinsi ya kuandika fedha zinazotoka jioni ile ile zinapotoka, hata kama anayezitoa ni mchungaji. Baadaye, Pasaka ya mwaka 2024, tulimwona ameketi benchi la tatu.

Mkono wetu umepona zamani, na stima ilirudi Jumapili ile ile mchana. Vijana wana mashine zao na muziki wao. Lakini kila Jumamosi ya pili twakwenda kwa Mzee. Hukileta kiwembe mbele ya uso wetu na kungoja tutikise kichwa, ingawa ni mwaka wa kadha wa kadha sasa. Tukilala kitini hatusemi. Lori likija, huinua mkono. Akimaliza twampa noti, naye hufungua mkebe, huiweka chenji mkononi mwetu, husema, "Hesabu, Mchungaji."

Nasi twahesabu.